Maabara ilipima nini hasa? Vipimo vya chakula ambavyo mwenye mzigo anapaswa kuvielewa

Na Mwandishi Wetu, Kanama

Soko la Mahoko, katika sekta ya Kanama wilayani Rubavu, limekaa kando ya barabara kuu itokayo Kigali na Musanze kwenda Gisenyi. Ukitoka hapo ni kuteremka tu hadi mjini na kwenye mpaka wa Goma. Viazi mviringo, maharage, mahindi, unga na maziwa ya ng'ombe wa Gishwati hupita au hukusanywa hapa kabla ya kuendelea na safari. Kwa upande mwingine, mawese ya Kongo na bidhaa nyingine hupanda kwa njia hiyo hiyo kuja Rwanda.

Mfanyabiashara wa njia hii anajua bei ya gunia, nauli ya Fuso, na saa ambayo mpaka huwa na foleni fupi. Lakini mwulize karatasi ya maabara aliyoikunja mfukoni inasema nini, wengi watakujibu: "Inasema mzigo ni mzuri." Jibu hilo ndilo linalowaletea watu hasara. Hakuna kipimo cha maabara kinachosema mzigo ni mzuri. Kila kipimo kinajibu swali moja tu. Kipimo cha wanga hakijui habari za sumu, na kipimo cha sumu hakijui kama maziwa yameongezwa maji. Mkaguzi akiuliza swali ambalo karatasi yako haikulijibu, ni kama huna karatasi.

Makala hii inaeleza vipimo vinavyotumika zaidi kutambua kilichomo ndani ya chakula, vinafanyaje kazi, na wapi vinakomea. Mwenye mzigo hahitaji kuwa mkemia. Anahitaji kujua ni swali gani limeulizwa.

Tone la iodini

Tuanze na kipimo rahisi kuliko vyote. Iodini ni ile dawa ya rangi ya kahawia ambayo hupakwa kwenye jeraha. Ile ya maabara huyeyushwa pamoja na iodidi ya potasiamu. Kata kiazi, dondoshea tone moja, na mahali hapo patageuka rangi ya buluu iliyokolea hadi kukaribia nyeusi. Sababu ni kwamba molekuli ya wanga ni ndefu na imejiviringa kama springi, na iodini huingia ndani ya mviringo huo. Chakula kisicho na wanga kitabaki na rangi ya iodini yenyewe, manjano au kahawia.

Kwa mnunuzi wa maziwa kipimo hiki ni mali. Maziwa halisi hayana wanga hata kidogo. Kwa nini basi mtu atie unga kwenye maziwa? Kwa sababu ya laktomita.

Laktomita ni kile kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake ukilinganisha na maji. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa maziwa mabichi ya ng'ombe kinataka uzito kati ya 1.028 na 1.036, ambao kwenye laktomita husomeka 28 hadi 36. Chukua lita 100 za maziwa yanayosoma 30, ongeza lita 10 za maji, na kijiti kitashuka hadi 27 na kidogo. Mnunuzi ataona na kukataa. Mdanganyifu anayejua hilo huongeza kitu cha kurudisha uzito: unga uliopikwa mwepesi, sukari au chumvi. Kijiti kinapanda, maziwa yanaonekana mazito, na laktomita imeshindwa. Hapo ndipo tone la iodini linapofichua unga. Chemsha maziwa kidogo kwenye mrija wa kioo, yaache yapoe kabisa, kisha dondosha. Usiharakishe kupoza, kwani rangi ya buluu hupotea kwenye joto, na mtu anaweza kuapa kuwa maziwa ni safi kumbe yalikuwa bado ya moto. Na maziwa uliyoyatia iodini yamwage. Usiyarudishe kwenye jerikani.

Laktomita yenyewe ina masharti ambayo wengi hawayafuati. Imetengenezwa kusoma sawasawa kwenye joto fulani, lililoandikwa juu yake. Maziwa yakiwa na joto zaidi ya hapo husomeka mepesi kuliko yalivyo, hivyo unaongeza 0.2 kwa kila digrii moja ya ziada. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi pia hudanganya; yasubiri angalau nusu saa. Wafugaji wengi wamekataliwa maziwa yao kwa haki ya kijiti na dhuluma ya joto.

Kuna ujanja mwingine ambao iodini haiuoni kabisa. Mtu huondoa krimu juu ya maziwa. Krimu ni nyepesi, kwa hiyo maziwa yaliyobaki huwa mazito zaidi, kisha maji huongezwa mpaka kijiti kirudi 30. Hakuna unga, hakuna sukari, laktomita inasoma vizuri. Huyu hukamatwa kwa kipimo cha mafuta tu, na tutakifikia.

Udhaifu mkubwa wa iodini ni kwamba haijui wanga umetoka wapi. Unga wa mahindi, wa muhogo, wa ngano na wa viazi vyote hugeuka buluu. Ukiuziwa unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo, iodini haitakusaidia. Mtu wa maabara atautazama kwa darubini, kwa kuwa chembe za wanga zina maumbo tofauti: za kiazi ni kubwa na zina umbo la yai, za muhogo ni za duara kama zilizokatwa upande mmoja, za mahindi zina pembepembe.

Kwa wauza chumvi, jambo hilo hugeuzwa. Chumvi ya mezani katika nchi za Jumuiya lazima itiwe madini joto, yaani iodini. Mkaguzi hudondoshea chumvi maji yaliyo na wanga na tindikali, na rangi ya buluu au zambarau ikitokea, madini joto yamo. Kemia ni ile ile, ila safari hii wanga ndio unaoitafuta iodini.

Sukari na hadithi ya asali

Kipimo cha sukari kinachofundishwa shuleni ni cha Benedict, kwa jina la mkemia Mmarekani Stanley Benedict aliyekibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Maji yake ni ya buluu kwa sababu yana salfeti ya shaba. Unachanganya na chakula kilichosagwa na kuyeyushwa, unaweka mrija ndani ya maji yanayochemka kwa dakika chache, na rangi inabadilika kulingana na wingi wa sukari: kijani, manjano, machungwa, hadi nyekundu ya tofali.

Hapa pana mtego. Sukari ya dukani, tunayotia kwenye chai, haibadilishi rangi ya Benedict. Glukosi na fruktosi hubadilisha, na sukari ya maziwa, laktosi, pia. Sukari ya dukani ni glukosi na fruktosi zilizoshikana, na zikiwa zimeshikana haziwezi kufanya kazi hiyo. Lazima kwanza uichemshe na tindikali ili itengane, kisha uondoe ukali wa tindikali, ndipo upime.

Sasa fikiria muuza asali anayekuonyesha mrija mwekundu na kusema, "Mama, tazama, asali safi hii." Asali halisi ni glukosi na fruktosi, kwa hiyo itakuwa nyekundu. Lakini shira ya sukari iliyochemshwa na ndimu kidogo nayo itakuwa nyekundu. Kipimo hakikusema uongo. Kilijibu kwamba kuna sukari ya aina ile. Hakikuulizwa imetoka kwa nyuki au kwa sufuria.

Maabara yenye vifaa huuliza maswali mengine. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka asali ya kawaida isizidi maji asilimia 20, na sukari ya dukani isizidi gramu 5 kwa kila gramu 100. Kuna pia kemikali iitwayo HMF, ambayo huongezeka asali ikichemshwa au ikikaa muda mrefu kwenye joto. Mwisho ni miligramu 40 kwa kilo, ila asali ya nchi za joto kama zetu imeruhusiwa hadi 80. Msafirishaji aangalie hilo la mwisho: jerikani za asali zikishinda kwenye jua juu ya lori siku nyingi, HMF hupanda, hata kama asali ilitoka mzingani ikiwa safi kabisa.

Kwenye maziwa, Benedict haifai kutafuta sukari iliyoongezwa, kwa kuwa laktosi itajibu kila mara. Hutumika kemikali nyingine, resosino pamoja na tindikali. Ikichemshwa na maziwa yenye sukari ya dukani hutoa rangi nyekundu.

Protini, na jinsi kipimo kilivyodanganywa

Kipimo cha biureti hutumia hidroksidi ya sodiamu na matone machache ya salfeti ya shaba. Protini ikiwepo, buluu hugeuka zambarau. Hakihitaji kuchemshwa. Hidroksidi hiyo huunguza ngozi na macho, kwa hiyo si kitu cha kubeba kwenye mfuko wa koti sokoni.

Biureti inasema protini ipo. Mnunuzi wa unga wa soya, wa maziwa ya unga au wa chakula cha kuku anataka kujua ipo kiasi gani, maana analipa kwa asilimia. Kwa hilo dunia nzima imetegemea kwa muda mrefu njia ya Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, aliyeitangaza mwaka 1883. Yeye alitaka kujua protini ya nafaka za kutengenezea bia. Njia yake huchemsha chakula kwenye tindikali kali hadi kivunjike kabisa, kisha hupima nitrojeni iliyotoka. Kwa kuwa protini huwa na nitrojeni karibu asilimia 16, jibu huzidishwa kwa 6.25. Kwa maziwa huzidishwa kwa 6.38.

Angalia vizuri: Kjeldahl haipimi protini. Inapima nitrojeni, halafu inakisia protini. Tofauti hiyo ndogo ilisababisha maafa mwaka 2008 nchini China. Maziwa yaliongezwa maji, protini ikapungua, basi ikatiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Kipimo kikaonyesha protini ya kutosha. Watoto wachanga karibu 300,000 waliugua, wengi kwa mawe kwenye figo, na sita walithibitishwa kufa. Nchi nyingi zilipiga marufuku maziwa ya China, zikiwemo Tanzania na Burundi katika ukanda wetu. Waliokuwa na shehena halali kabisa nao walikwama, kwa sababu karatasi zao zilijibu swali la protini wakati ulimwengu sasa unauliza swali la melamini.

Biureti isingedanganywa kwa njia ile, maana yenyewe hutafuta viungo vinavyounganisha protini, wala si nitrojeni peke yake. Kipimo cha shilingi chache kingeona ambacho kipimo cha heshima hakikuona. Ni moja ya mambo ya kushangaza katika historia ya chakula.

Mafuta

Tikisa chakula kwenye pombe ya maabara, mimina maji, na ukiona ukungu mweupe kama maziwa, mafuta yamo. Au paka kwenye karatasi, iache ikauke, uitazame kwenye mwanga: doa la mafuta halikauki.

Kwa maziwa, viwanda na vituo vya kukusanyia hutumia njia ya Gerber, ya Mswisi Niklaus Gerber, tangu miaka ya 1890. Maziwa huchanganywa na tindikali ya salfuri na pombe ya amili kwenye chupa maalumu, huzungushwa kwa kasi, na mafuta hupanda kwenye shingo yenye vipimo. Chini ya asilimia 3.25 kwa maziwa mabichi, mkaguzi ana haki ya kukataa. Huyu ndiye anayemkamata mwondoa krimu.

Kwa mawese, swali si kama mafuta yamo, bali ni mapya au yameoza. Mafuta yakikaa, hasa yakiwa na maji na uchafu, huvunjika na kutoa tindikali. Maabara huhesabu ni kiasi gani cha dawa ya kupunguza ukali kinahitajika. Codex imeweka mwisho wa miligramu 10 kwa gramu moja ya mawese mabichi. Jerikani chafu iliyobaki na mawese ya safari iliyopita huharibu mapya haraka kuliko jua.

Kuna lingine kuhusu mawese. Wekundu wake ni wa asili, unatokana na karotini. Mwaka 2015 Ghana iligundua mawese sokoni yaliyotiwa rangi ya Sudan IV ili yaonekane mekundu zaidi. Kinachochekesha, kama si cha kusikitisha, ni kwamba rangi za Sudan hutumika maabara kupaka mafuta yaonekane kwenye kipimo. Ndani ya chakula zimepigwa marufuku kwa kushukiwa kuleta saratani. Ukinunua mawese, wekundu usikutie wazimu.

Vitu ambavyo vipimo hivi haviwezi kuviona

Hadi hapa tumeongelea chakula chenyewe: wanga, sukari, protini, mafuta. Lakini mizigo mikubwa katika ukanda huu haikurudishwa kwa sababu ya kukosa wanga. Ilirudishwa kwa sababu ya sumu, tena sumu ambayo haina harufu wala rangi.

Chukua muhogo. Septemba 2017, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa muhogo, na wawili walifariki. Uchunguzi ulifuata unga huo hadi kwa mwuzaji wa jumla, na kuuhusisha na biashara ya mpakani kati ya Uganda na Tanzania. Unga ulipopimwa ulikuwa na sianidi wastani wa miligramu 88 kwa kilo. Kiwango kinachokubalika ni 10. Unga ule ungegeuka buluu nzuri kabisa kwa iodini. Ulikuwa unga wa muhogo halisi, haukuchanganywa na chochote. Ulikuwa muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa ipasavyo.

Kipimo chake kipo na si kigumu. Karatasi ndogo ya manjano iliyolowekwa kwenye pikreti hufungiwa ndani ya chupa pamoja na unga na maji. Baada ya saa 24 karatasi hubadilika kuelekea kahawia kadiri sianidi ilivyo nyingi, na rangi hulinganishwa na chati. Kifaa hiki kilienezwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, baada ya miaka ya kazi juu ya ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu ya walaji wa muhogo mchungu huko Kongo, Msumbiji na Tanzania. Anayepeleka unga wa muhogo kwa tani, usiku mmoja wa kusubiri karatasi si hasara.

Mahindi yana adui wake, sumukuvu, inayotengenezwa na kuvu kwenye punje zenye unyevu. Kenya ilizika watu 125 mwaka 2004, kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa, wengi wakiwa Makueni na Kitui. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa ile aina kali zaidi, B1. Kupika hakuiondoi. Ng'ombe akila pumba zenye sumu hiyo, sehemu yake hutokea kwenye maziwa.

Wasafirishaji wanakumbuka Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilipoandika barua kusimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mipakani. Siku tano baadaye Kenya ililegeza, kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha asili na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi 10. Tangu hapo, karatasi isiyo na mstari wa sumukuvu haikusaidii kwa mnunuzi wa Kenya, hata iwe na mihuri mingapi.

Kipimo cha haraka cha sumukuvu ni kijiti kinachofanana na cha mimba, na kufanana huko kumewapotosha wengi. Kwenye vijiti vingi vya aina hii, mistari miwili maana yake sumu haijavuka mpaka uliowekwa. Mstari wa kipimo ukipotea na kubaki ule wa uhakiki, sumu imezidi. Ni kinyume cha kipimo cha mimba. Usiposoma maelezo ya kiwanda utafurahia mstari mmoja na kupakia sumu.

Kabla ya hayo yote kuna unyevu, ambao kwa mahindi usizidi asilimia 13.5. Asiye na mashine anaweza kutumia chupa kavu: tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu kabisa, tikisa vizuri, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kufungwa kwenye gunia. Ikibaki kavu, yapeleke kwenye mashine upate namba yenyewe, kwani kati ya 13.5 na 15 chumvi haisemi kitu. Kanama ni nchi ya mvua na ukungu. Mto Sebeya umewahi kuingia hadi Mahoko, na mafuriko ya Mei 2023 yalileta msiba mkubwa katika wilaya hii na za jirani. Gunia lililolowa mara moja likakaushwa juu juu ndilo la kuogopwa.

Sampuli, ambapo mizozo mingi huanzia

Maabara haipimi lori. Inapima gramu chache zilizotoka kwenye kifuko kilichotoka kwenye magunia machache. Kwa wanga au mafuta hilo si tatizo kubwa, kwa sababu vimesambaa. Sumukuvu haisambai. Gunia moja linaweza kuwa na punje kumi zenye sumu kali na maelfu yasiyo na kitu. Ukichoma bambo kwenye magunia matatu ya mlangoni, jibu lako ni la magunia matatu ya mlangoni. Tazama kama mchukuaji sampuli amechoma magunia ya mbele, ya kati na ya nyuma, juu na chini. Yote aliyotoa yachanganywe na kusagwa pamoja, ndipo kiasi kidogo kitolewe kwa kipimo. Akichagua kwanza gramu chache za punje nzima na kusaga hizo tu, una haki ya kuuliza.

Omba sampuli igawanywe. Sehemu moja iende maabara, nyingine ifungwe kwa lakiri mbele yako, iandikwe tarehe na namba ya mzigo, na ibaki nawe. Wakizozana wakaguzi wa pande mbili za mpaka, hiyo ndiyo itakayopimwa upya. Bila hiyo unabaki na neno lako dhidi ya muhuri.

Nani anatoa karatasi? Kwa Rwanda, viwango na maabara kuu za vipimo viko chini ya Bodi ya Viwango, RSB, Kigali. Ukaguzi wa ubora na ushindani ulipewa RICA, iliyoundwa 2017, na vyakula vilivyosindikwa vinaangaliwa na Rwanda FDA, iliyoundwa 2018. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango inataka alama ya ubora ya nchi moja itambuliwe na nyingine, na hilo husaidia kwa bidhaa zenye alama, si kwa gunia lisilo na jina. Upande wa Kongo mkaguzi wa bidhaa kwa miongo mingi amekuwa OCC, iliyoanzishwa 1974. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, lakini tangu M23 ilipotwaa Goma mwishoni mwa Januari 2025, utaratibu wa miaka ya nyuma usiuchukulie kuwa bado upo. Piga simu kwa mpokeaji wako siku ya kupakia, si wiki iliyotangulia.

Ukipokea karatasi, usianze na muhuri. Anza na jina la kipimo, halafu njia iliyotumika, halafu namba iliyopatikana, halafu kiwango iliyolinganishwa nacho. Karatasi iliyoandikwa "inafaa" bila namba ni maoni ya mtu. Angalia kama maabara ina ithibati ya ISO 17025 kwa kipimo hicho hasa, kwani maabara inaweza kuwa nayo kwa unyevu na isiwe nayo kwa sumukuvu. Angalia tarehe: mahindi yaliyopimwa mwezi uliopita na kukaa kwenye ghala lenye unyevu si mahindi yale tena. Mwisho, linganisha namba ya mzigo kwenye karatasi na ile iliyoshonwa kwenye magunia. Zikitofautiana hata tarakimu moja, rekebisha ukiwa bado Mahoko, kabla lori halijaanza kuteremka.